Powers, Story au Edmonia Lewis: una nusu siku Washington, usimame mbele ya marumaru ya nani?

Kila kiangazi nyumba yangu inageuka gesti. Naishi Maryland, nusu saa na ushee kwa treni mpaka katikati ya Washington, na ndugu wakishapiga picha Ikulu na kwa Lincoln, siku ya tatu wanaanza kunitazama usoni, leo je? Na jua la Julai huku jamani, ule unyevu wake utadhani uko Tanga ila bahari imefichwa. Basi nawapeleka makumbusho ya sanaa, Smithsonian American Art Museum, lile jengo la nguzo kubwa pale mtaa wa 8 na G, zamani ilikuwa ofisi ya kusajili uvumbuzi, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ikageuzwa hospitali ya majeruhi. Kuna AC, kuingia bure, na siyo ile bure ya kufika mlangoni ukaambiwa kuna mchango wa hiari huku wamekukazia macho.

Ndani kuna sanamu nyeupe za marumaru za karne ya 19, na nikisema marumaru namaanisha mwamba wenyewe, siyo zile za kubandika bafuni. Hapo ndipo wageni wangu wanakwama, maana ni nyingi, zote nyeupe, zote wanawake wazuri wenye huzuni, na mtu anapita fasta kama anakagua mabati kiwandani, akitoka nje hakumbuki hata moja. Nimejifunza kuwaambia chagueni msanii mmoja, simameni naye, wengine mtawaona siku nyingine. Na hao wa kuchagua mimi nawapunguza mpaka watatu: Hiram Powers, William Wetmore Story na Edmonia Lewis.

Kwa nini hao? Kwa sababu wote watatu ni wahamiaji, ila kinyumenyume. Sisi tumepanda ndege kuja Marekani, wao walipanda meli kuiacha Marekani wakaenda kuweka maskani Italia, Powers akakaa Florence, Story na Lewis wakakaa Roma. Walifuata jiwe kwanza, machimbo ya marumaru ya Carrara na Seravezza yako kule, alafu mafundi wa kuchonga waliorithi kazi kwa baba zao na bei zao siyo za Boston, na masanamu ya kale kila kona ya kujifunzia. Kazi zao zikawa zinarudi nyumbani kwa meli ndani ya maboksi, wenyewe wamebaki. Mtu yeyote aliyewahi kutuma kontena nyumbani yeye asiende, hapo ataelewa.

Vigezo nilivyotumia

Nimewapima wote kwa mambo yaleyale ili nisije nikaonekana nampendelea mtu (nampendelea, ila nitajitahidi). La kwanza hadithi, ya msanii na ya sanamu yenyewe. La pili jiwe na mikono, yaani ufundi, na nani hasa alishika patasi, maana watu wengi hawajui kwamba hizi kazi zilianza kwa udongo wa mfinyanzi, udongo ukatolewa nakala ya plasta, alafu plasta ikapewa mafundi wakaihamishia kwenye jiwe kwa vipimo, bwana mkubwa anakuja mwishoni kumalizia ngozi na uso. Siyo kama Mmakonde anayekaa na gogo lake la mpingo kuanzia gome mpaka msasa.

La tatu naliita filta. Sanamu za namna hii hazikuwa sura ya mtu fulani, zilikuwa mtu vile watu wa wakati ule walivyoona angepaswa awe, ngozi haina kovu, pua imenyooka kama ya mungu wa Kigiriki, hata kilio ni kilio cha adabu. Kwa hiyo swali ni filta imewekwa kwa kiasi gani na imefunika nini. La nne ni uchi, tusifichane, unaenda na nani. La tano muda na mahali pa kuzipata.

Hiram Powers

Hadithi. Alizaliwa Vermont 1805, familia ikahamia Ohio, akiwa kijana akafanya kazi kwenye kiwanda cha saa Cincinnati na baadaye kwenye makumbusho ya sanamu za nta, ambako alitengeneza watu wa nta wanaotembea kwa mitambo kwenye onyesho la jehanamu, watu wanalipa kuingia kutishwa. Yaani fundi mitambo kabla hajawa msanii. 1837 akaenda Florence kwa mpango wa kukaa miaka michache, ajipange, arudi. Hiyo sentensi wangapi humu tumeisema? Alikaa miaka 36, akafia hukohuko 1873, Marekani hakurudi hata kusalimia.

Sanamu iliyomtoa ni Mtumwa wa Kigiriki, kielelezo chake cha plasta ni cha 1843. Binti wa Kigiriki ametekwa na Waturuki wakati wa vita vya uhuru wa Ugiriki, anauzwa sokoni Istanbul, yuko uchi, mikono imefungwa mnyororo, pembeni nguo zake zimetundikwa na kuna msalaba mdogo. Kuanzia 1847 ikazungushwa miji ya Marekani na zaidi ya watu 100,000 wakalipa kuiona, sehemu nyingine wanawake na wanaume waliwekewa saa tofauti, na wahubiri wakatetea kwamba hayuko uchi, amevikwa imani yake. Watu wakalia machozi. Sasa hapa ndipo panapokuna: ilionyeshwa hadi New Orleans, mji ambao soko la watumwa lilikuwa linaendelea na biashara, mtu anatoka kumlilia mtumwa wa jiwe mweupe anapita mnadani kununua wa nyama na damu mweusi.

Wapo walioona hilo mapema. 1851 sanamu ilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya London, lile jumba la vioo, na jarida la Punch likachora katuni ya mtumwa mweusi wa Virginia amesimama kwa mkao uleule. William Wells Brown pamoja na William na Ellen Craft, wote watatu waliwahi kuwa watumwa wakatoroka, wakaingia mle ndani, na Brown akaiweka ile katuni pembeni ya sanamu mbele za watu. Mimi nikimpeleka mtu kwa Powers hii stori naisimulia kabla hatujafika, bila hiyo unaona tu mrembo amefungwa.

Na kwa sisi kuna jambo la tarehe. Powers alifariki Juni 1873, mwezi uleule ambao Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Aliyefika Mkunazini, pale lilipokuwa soko lenyewe, ameona zile sanamu za watumwa ndani ya shimo, za zege, nyuso nzito, shingoni minyororo ya kweli ya zamani. Ukishaziona hizo alafu ukaja kumwona huyu wa Powers mwili hauna hata mkwaruzo, unaelewa filta ni nini bila kufundishwa.

Jiwe na mikono. Hapa Powers hana mpinzani kati ya hawa watatu. Alipenda jiwe la Seravezza kuliko la Carrara, na kwa sababu ya ule ufundi mitambo wake alibuni tupa zake mwenyewe za kumalizia, hakutaka jiwe ling'ae kama sahani, alitaka liwe na ule ukungu wa ngozi. Mnyororo umechongwa kwa marumaru pete kwa pete. Lakini kitu ninachokipenda mimi siyo hata marumaru, ni kile kielelezo cha plasta ambacho Smithsonian wanacho, mwili mzima una vipini vidogo vya chuma vimechomekwa, utadhani binti kapata upele. Hivyo ndivyo vipimo. Fundi anaweka chombo kwenye kipini, anapima umbali, anatoboa jiwe mpaka kina kilekile, anahamia kipini kinachofuata, mamia kwa mamia. Kwa mfumo huo Powers alitoa nakala sita za ukubwa kamili. Makumbusho ilinunua vitu vya studio yake 1968 kwa hiyo unapata kuona jikoni, siyo mezani tu.

Na ukitaka kuona huo mfumo ulifika wapi, wanaye Hawa wake, Eve Tempted, na yule mwanamke wa asili ya Marekani anayekimbia huku ameangalia nyuma, Last of the Tribes, ambazo marumaru yake ilimalizwa baada ya Powers kufa. Mwenye kazi yuko kaburini, kazi inaendelea kutoka. Kuna wanaoona huo ni ubora wa mfumo na kuna wanaoona hapo sanaa imegeuka kiwanda, mimi siku nyingine niko upande huu siku nyingine ule.

Filta. Asilimia mia. Hana jasho, hana woga, kichwa kageuza pembeni tu kama mtu aliyeudhika kidogo benki.

Uchi. Kamili. Nilimleta shangazi yangu mmoja, mtu wa Tanga, akasimama, akatazama mara moja akainamisha macho, akasema "huyu mtoto wa watu hakupatikana hata wa kumtupia kanga?" Nilicheka, alafu baadaye nikaona ndiyo swali lenyewe, kati ya hao 100,000 sijui wangapi waliuliza hivyo.

Muda na mahali. Plasta na Hawa wako Smithsonian, ila Mtumwa wa marumaru wa ukubwa kamili hapa mjini yuko National Gallery of Art, jengo la magharibi, alitoka kwenye mkusanyiko wa makumbusho ya zamani ya Corcoran. Ni mwendo wa kama dakika kumi na tano kwa mguu kushuka mtaa wa 7, na kwenyewe ni bure. Kwa hiyo Powers anakula saa mbili hadi tatu ukimfuata kote.

Anawafaa wapenda ufundi, mainjinia, mafundi seremala, watu wa kuuliza "hii wameifanyaje", na mwanafunzi anayeandika kuhusu utumwa na unafiki.

William Wetmore Story

Hadithi. Huyu hakuikimbia njaa wala fimbo. Amezaliwa 1819 Salem, Massachusetts, na Salem kwa mtu wa pwani siyo jina geni, ndio meli zao zilizokuwa zinaleta kitambaa cha merikani Unguja zinarudi na pembe na sandarusi, hata balozi mdogo wa kwanza wa Marekani pale Unguja, 1837, alikuwa mtu wa Salem. Baba yake ni Joseph Story, jaji wa mahakama kuu, ndiye aliyeandika hukumu ya 1841 iliyowaachia huru Waafrika wa meli ya Amistad, waliotekwa wakauzwa utumwani wakaasi melini. Mtoto akasomea sheria akaandika na vitabu vya sheria, baba alipofariki 1845 wakamwomba atengeneze sanamu ya kumbukumbu, hajawahi kufundishwa, akaenda Italia kujifunza na mwishoni akahamia kabisa 1856. Akapanga kwenye kasri la Barberini. Mhamiaji wa namna hiyo siye wa kupanga foleni ya vibali.

Wanaye Smithsonian Sibila wa Libya, nakala iliyochongwa 1868, ya kwanza ni ya 1861 na iko makumbusho ya Metropolitan, New York. Sibila ni mwanamke mtabiri wa kale. Amekaa, miguu imepishana, kidevu juu ya mkono, anatazama mbali, shingoni ana pambo la muhuri wa Sulemani. Story alitaka awe mwanamke wa Kiafrika anayeona yatakayowapata watu wake, na hiyo ni wakati Marekani inaingia vitani juu ya utumwa, mwenyewe aliiita mahubiri yake ya jiwe dhidi ya utumwa. Mwandishi Harriet Beecher Stowe alikuja kuandika 1863 kwamba ni yeye aliyemsimulia Story habari za Sojourner Truth, mwanamke mweusi aliyewahi kuwa mtumwa akawa mhubiri wa kupinga utumwa, wakiwa Roma, ndipo mwenzake akaanza kuiwaza hii kazi.

Sasa filta, hapa nairuka zamu kidogo kwa sababu ndipo utamu ulipo. Story kwenye barua anajisifu kwamba ametoka kwenye uso wa Kigiriki akaweka Mwafrika, alafu hapohapo anatia breki, Mwafrika wa Libya lakini, siyo wa Kongo. Nilimsomea hilo rafiki yangu wa Lubumbashi tukiwa tumesimama mbele ya sanamu, akaiangalia kimya, akasema "basi aniambie kosa letu ni nini". Ukimtazama kwa makini unaona kweli midomo imejaa na macho marefu, ila bado ni Mwafrika aliyepitishwa kwa fundi nyusi wa Athens. Hata hivyo tumpe haki yake, 1861 kuweka mwanamke wa Kiafrika kwenye kiti cha hekima, mkubwa kuliko mtu, hapigi magoti wala haombi, siyo kitu kidogo. Wengi waliopinga utumwa walikuwa hawawezi kumchora Mwafrika bila kumpigisha magoti.

Jiwe na mikono. Ni kazi ya uzito siyo ya ngozi. Ukitoka kwa Powers utaona jiwe la Story linasema kwa sauti ya juu, mikunjo ya nguo mizito, mwili kama mlima, na mafundi wa Roma walichonga sehemu kubwa kama ilivyokuwa desturi. Ukikaribia sana unapoteza, rudi nyuma hatua nne tano.

Uchi. Kifua wazi, kiuno kwenda chini amefunikwa.

Muda na mahali. Yuko jengo lilelile, dakika ishirini zinatosha, na Kleopatra wa Story, yule malkia wa Misri anayesimuliwa kujiua kwa nyoka, hayuko hapa, nakala yake mojawapo iko Metropolitan New York. Kama unarudi upande wa Mall, ule uwanja mrefu wa nyasi katikati ya mji, ile sanamu ya shaba ya mwanasayansi Joseph Henry mbele ya jengo jekundu la Smithsonian lenye minara ni yake pia, ya 1883, watu wanaipita kila siku.

Anamfaa mtu wa kukaa kwenye benchi kuwaza. Wapenda historia ya sheria pia, hiyo kamba ya Amistad inavutika mbali.

Edmonia Lewis

Hadithi. Kaa vizuri. Amezaliwa karibu 1844 kaskazini ya New York, baba mtu mweusi, mama wa damu ya Waojibwe, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, na Waafrika, akabaki yatima mdogo. Akasoma chuo cha Oberlin, Ohio, ambacho kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kupokea weusi na wanawake, na 1862 akashtakiwa kuwawekea sumu kwenye kinywaji wasichana wawili wazungu aliokuwa anaishi nao. Kabla ya kesi watu wakamteka usiku wakampiga wakamwacha shambani kwenye baridi. Wakili wake alikuwa John Mercer Langston, mweusi mwenzake, akamtoa, ushahidi haukuwepo. Akaenda Boston, akatengeneza sanamu ya kichwa ya Kanali Robert Gould Shaw aliyeongoza kikosi cha wanajeshi weusi, akauza nakala za plasta, na hela hiyo ikamsaidia kupanda meli. 1866 yuko Roma, studio yake haikuwa mbali na hapo alipokuwa anaishi Story kifahari. Mtaa mmoja, uhamiaji mbili tofauti kabisa. Alikuja kumwambia mwandishi wa habari kwamba nchi ya uhuru haikuwa na nafasi kwa mchongaji mwenye rangi yake.

Kifo cha Kleopatra ni ya 1876, zaidi ya kilo 1,300 za marumaru, aliipeleka maonyesho ya miaka mia ya Marekani kule Philadelphia. Wenzake wengi walikuwa wanamchonga Kleopatra akiwaza, akitafakari kufa, ndivyo Story alivyofanya. Lewis akamchonga ameshakufa. Kichwa kimelegea nyuma, mkono unaning'inia, nyoka bado kamshika, sura imeachia. Mkosoaji mmoja alimsifu ufundi huku analalamika kwamba kifo kimeonyeshwa mno.

Alafu sanamu ikaanza maisha ya mhamiaji asiye na makaratasi. Ilionyeshwa Chicago 1878, haikununuliwa, kuirudisha Roma ni gharama, ikaachwa. Ikaja kuonekana kwenye baa. Kutoka baa mcheza kamari mmoja mwenye uwanja wa mbio za farasi akaichukua akaiweka juu ya kaburi la farasi wake, farasi naye aliitwa Kleopatra. Uwanja ukageuka wa gofu, ukageuka wa kiwanda cha silaha za jeshi la majini, mwisho posta wakajenga hapo kituo cha mizigo, sanamu ikatupwa yadi ya mkandarasi huko Cicero, mji ulio jirani na Chicago, mvua na theluji juu yake, vijana wa skauti wakaihurumia wakaipaka rangi. Chama cha historia cha Forest Park, kitongoji cha hukohuko Chicago, wakaiokoa na 1994 ikaingia Smithsonian. 2022 posta ya Marekani ikatoa stempu yenye sura ya Edmonia Lewis, hao hao posta.

Wanaye pia Hajiri wa 1875, na hapa sisi hatuhitaji kibao. Ni Bi Hajira mama yake Ismaili, aliyefukuzwa kwa bwana wake akaachwa jangwani na mtoto na maji yakaisha. Kwa Lewis amesimama, mikono ameshikanisha, macho juu, mtungi uko miguuni umelala. Aliyewahi kwenda hija akafanya saayi, ule mwendo wa kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa kumkumbuka Bi Hajira akitafuta maji, anaisoma hiyo sanamu kwa namna ambayo mkosoaji wa Boston hawezi. Yule shangazi wa Tanga, aliyeinamisha macho kwa Powers, hapa alikaa mpaka mlinzi akaanza kutuangalia. Lewis mwenyewe alisema anawaonea uchungu wanawake wote waliohangaika na kuteseka, na huyu ni mtumwa wa Kimisri, mweusi kwenye fikra za watu wa wakati ule, vita imeisha Marekani miaka kumi tu.

Jiwe na mikono. Kwa usafi wa jiwe Powers anamzidi, niseme ukweli. Kleopatra ameliwa na hali ya hewa, sehemu zimerekebishwa, ukikagua uso unaona miaka ya nje. Ila mikono ni yake. Alichonga mwenyewe kazi nyingi kwa sababu alijua akiwapa mafundi kama wanaume wanavyofanya watasema siyo yeye, na fedha ya mafundi penyewe ilikuwa ya shida. Aliwahi kuchonga kundi zima la Waafrika wawili na minyororo iliyokatika, Forever Free ya 1867, akamtumia wakili wa Boston ambaye hajaagiza, bili ya meli juu yake. Huo ujasiri wa kukopesha watu kwa nguvu ndiyo biashara ya mhamiaji.

Filta. Hapa wageni wangu wananisumbua kila mara: mbona Hajiri ana sura ya kizungu, na aliyechonga ni mweusi? Hata kwenye kile kisanamu chake cha mzee na binti wanaotengeneza mishale, kina kimo cha nusu mita hivi, mzee ana sura ya watu wa mama yake, binti ana sura ya Kigiriki. Kuna wataalamu wanaosema alikusudia, angeweka sura yake watu wangesema anajichonga mwenyewe, wangeacha kuangalia kazi. Wengine wanaona ni soko, mnunuzi alitaka hiyo pua. Mimi naona filta ileile aliyoiweka usoni kwa Hajiri aliivua kwa Kleopatra, akaacha maiti iwe maiti, kwa hiyo alijua anachofanya.

Uchi. Hajiri amevaa. Kleopatra titi moja wazi, mwenyewe kakaa kwenye kiti cha enzi na mavazi yake.

Muda na mahali. Zote tatu ni mali ya Smithsonian, tenga saa moja, na Forever Free iko hapahapa mjini kwenye mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Howard, ila piga simu kwanza kujua kama imetolewa.

Anamfaa nani? Mtu yeyote aliyewahi kuhama bila kutaka. Pia mtu anayeanza tu, maana hadithi inabeba hata ukiwa hujui sanaa.

Sasa wewe uende kwa nani

Ukiwa na watoto wadogo usianze na Story, watachoka, anza na vile vipini vya Powers, waambie wavihesabu, alafu Kleopatra, watoto wanapenda nyoka. Stori ya baa na farasi pia inawakamata kuliko cartoon.

Ukiwa na wazazi au mashehe au mama mchungaji, Hajiri moja kwa moja, na mkimaliza keti pale uani chini ya paa la vioo, kuna viti na kahawa.

Mwanafunzi mwenye insha: ukitaka mada yenye vyanzo vingi na mabishano yaliyokwisha andikwa, Powers. Ukitaka mada ambayo mwalimu hajachoka nayo, weka Kleopatra wa Story na wa Lewis ubavu kwa ubavu, mmoja kwa picha ya New York na mwingine laivu. Ukiwa mtu wa sheria Story peke yake anatosha.

Una saa moja tu kabla ya ndege? Lewis, kwa sababu zote ziko chini ya paa moja na ya Powers iliyo kamili iko jengo jingine. Una siku nzima, Powers wa plasta asubuhi, tembea mtaa wa 7 ukamwone wa marumaru, utaona mwenyewe kile ambacho vipini vilikuwa vinapima.

Kama wewe ni fundi, wa mpingo, wa zege, wa gypsum, wa chochote, Powers, na nenda na tochi ya simu uangalie uso wa jiwe kwa ubavu, siyo kwa kuumulika mbele. Usiguse, wanakuja haraka.

Kwa kawaida Smithsonian American Art Museum inafungua saa tano na nusu asubuhi mpaka saa moja jioni, kituo cha treni ni Gallery Place, ukitoka tu umefika. Vyumba hubadilishwa na sanamu huazimwa, angalia tovuti yao asubuhi ya siku hiyohiyo, mimi nimeshawahi kumsimulia mgeni sanamu njia nzima tukakuta nafasi tupu na kibao.

Na kama uko Mwanza au Kisumu na Washington ni ya kuota, yule wa plasta wa Powers wamempiga picha za pande tatu, unaweza kumzungusha kwenye simu bure, ila bando litie la kutosha na umsogeze karibu mpaka uone kipini.